Mkangazi wa Mkuza wa Tisa

6 Mei

Mvua imeanza leo kwa fujo, bati linapiga kelele mpaka sisikii ninachowaza. Baba kajikwaa kwenye kinu cha kutwangia fufu, kinu ambacho kimekaa palepale tangu mama yangu yu hai. Nikamkaripia. "Baba, kinu chote hicho hukioni?"

Akajipangusa goti taratibu. "Sikioni," akasema.

Kumbe. Miezi yote hii anageuzageuza kichwa kama kuku, mimi nikadhani ni vituko vya uzee.

9 Mei

Tumetoka hospitali mjini. Ni presha ya macho. Nesi alikuwa mpole, akanichorea duara kubwa kwenye karatasi, halafu ndani yake kiduara kidogo kama punje ya njegere. "Baba yako anaonea hapa tu," akasema. "Kwingine kote ni giza." Dawa ya matone itachelewesha, haitarudisha. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema hataji siku, ila Agosti ikifika na kiduara bado kipo, tumshukuru Mungu.

Tulipokaribia kwetu Suhenso, msitu ukaanza kuonekana, Baba akanishika mkono. "Adwoba, nataka kuuona mkangazi wangu. Mara moja tu, halafu basi."

Nauandika hapa kwa sababu sijawahi kuuandika popote. Baba alikuwa mtafuta miti wa kiwanda cha mbao kwa miaka thelathini na moja. Yeye ndiye aliyetangulia msituni na panga na kopo la rangi. Anauzunguka mti, anaugonga kwa mgongo wa panga, anasikiliza. Ukiwa mzima anaupa namba, na wiki ya pili yake watu wa misumeno wanaufuata. Upande huu wa msitu hakuna mti mrefu ulioanguka bila mkono wake, isipokuwa mmoja aliouacha makusudi. Kwenye Mkuza wa Tisa, ule mstari mrefu waliofyeka kugawa msitu, alikuta mkangazi ambao hakuweza kuupaka rangi. Mwenyewe hawezi kueleza kwa nini. Akaandika kwenye daftari la kazi, "una pango ndani". Mti wenye pango haukatwi. Ule ulikuwa mzima kabisa. Ni uongo pekee aliowahi kuwaandikia wakubwa wake, na anajivunia kuliko anavyojivunia mimi.

Kwenda hawezi. Nyonga aliyovunjika mwaka juzi haimfikishi hata kanisani. Lakini mimi nina studio, nina kamera, nina miguu.

"Uko wapi hasa?" nikamuuliza.

"Tanoh anajua. Atakupeleka."

Tanoh ni mpwa wake, mtoto wa marehemu shangazi yangu. Kwetu mali ya mtu haiendi kwa watoto wake, inakwenda kwa watoto wa dada yake. Shamba la kakao litakuwa la Tanoh, bunduki ya Tanoh, kigoda cha ukoo cha Tanoh. Hayo nimekua nayo na hayaniumi tena. Sikujua kwamba na mti nao umo.

12 Mei, Jumapili

Tanoh kaja na mkungu wa ndizi, kama kawaida yake, na safari hii chupa ya dawa ya macho pia. Nikamwambia habari ya mkangazi. Akameza tonge, akanywa maji. "Wiki ijayo, dada. Huko sasa hivi ni tope mpaka kiunoni."

"Haidhuru," Baba akasema. "Huyu kwanza ajifunze. Hajui kupiga mti. Anajua kupiga watu waliotoka kanisani."

Nimenuna mpaka jioni. Lakini ni kweli.

14 Mei

Nimepiga msufi wa nyuma ya shule. Nilirudi nyuma, nikarudi nyuma, mpaka nikagota goli la upande wa pili, ili uingie wote. Ndivyo alivyonifundisha marehemu Bwana Ebuley aliyenipa kazi hii: usikate kichwa, usikate miguu. Mteja wa Suhenso ukimkata miguu anarudisha picha na kukuuliza viatu vile alinunua vya nini.

Baba akaileta picha mpaka puani, akaihamisha kushoto, akaihamisha kulia. "Hiki nini?"

"Msufi wa shule."

"Huu ni ufagio, Adwoba. Tena uliokwisha."

15 Mei

Mvua. Picha nne za pasipoti, mtu mmoja kafumba macho zote nne.

18 Mei

Leo nimelala chali kwenye matope, katikati ya mizizi, nikaelekeza kamera juu. Nilidhani nimevumbua jambo. Hapo akatokea Mama Akuba, muokota konokono, ndoo kichwani, mwili wake wote ule. "Yesu wangu! Mpiga picha kafa!"

"Sijafa, mama. Napiga mti."

"Umekukosea nini?" Akacheka mpaka akaitua ndoo chini.

Picha zenyewe mbaya. Mashina yote yameinama kuelekea katikati, na mbingu nyeupe imeyala majani. Baba kazitazama kwa lile tundu lake, akauliza, "Ulikuwa unaanguka wewe, au ni mti?"

19 Mei, Jumapili

Tanoh hakuja. Katuma mtu na dawa.

22 Mei

Mvua siku nzima, studio tupu. Baba kaniita nikae.

"Nani kakwambia mti unatazamwa wote?" akasema. "Mimi miaka thelathini na moja sijawahi kuutazama mti wote. Nilikuwa nautazama mguu mpaka niumalize. Unashikaje ardhi, una kidonda, una siafu? Halafu kiuno: umenyooka, umejipinda, maji ya mvua yanashukia wapi? Halafu pale matawi yanapoanzia. Kichwa mwisho. Mtu anayekodolea kichwa kwanza huyo ni mgeni, na atajikwaa."

Hapo nikaelewa kosa langu. Mti mzima kwenye karatasi ndogo haoni kitu, maana kila kilichomo ni chembe. Kwenye karatasi kubwa anaona kipande tu na kingine kinamezwa na giza. Kwa hiyo vipande. Kila kipande kiganjani, kinachotosha kwenye tundu lake, nampa kimoja kimoja kutoka chini kwenda juu.

"Kwa hiyo niukate?" nikamuuliza.

"Kata. Wewe ukikata haufi."

Bwana Ebuley anisamehe huko aliko.

26 Mei, Jumapili

Tanoh kasema mkewe anaumwa. Wiki ijayo.

2 Juni, Jumapili

Tanoh kasema mto umefurika. Wiki ijayo. Anakula kichwa kimeinama. Nadhani ni choyo. Mti umeshakuwa wake moyoni, hataki mtoto wa kike wa mjomba wake auone hata kwa kamera. Nimemwekea mchuzi bila nyama, kwa makusudi.

5 Juni

Leo niandike mpaka mkono uchoke.

Alfajiri Mama Akuba kanigongea. "Wewe unayepiga miti, ukungu umeshuka. Nifuate upesi kabla jua halijauharibu." Tukaenda mpaka kwenye mteremko wa kijito, kuna mvule pale. Nimeupita mara mia. Leo sikuutambua. Ukungu ulikuwa umeifuta miti yote ya nyuma, vichaka vyote, kamba zote za porini, ukabaki mvule peke yake, mweusi kwenye weupe. Shida yangu ya siku zote imekuwa hiyo: msituni mti hauko peke yake, na kamera haijui ni upi niliokusudia.

Sikusimama chini yake. Nilipanda mteremko wa upande wa pili mpaka nikawa sawa na kiuno chake, kwa hiyo haukuinama. Nikamwomba Mama Akuba asimame kwenye shina na kilemba chake chekundu.

"Nicheke au nisicheke?"

"Simama tu, mama."

"Nimepigwa picha mara mbili tu maishani, harusi na kitambulisho. Leo napigwa na ndoo ya konokono." Akasimama wima kama askari.

Nikapiga vipande saba. Mguu, mguu tena, kiuno, maji yanayotiririka kwenye gamba, matawi ya kwanza, matawi ya pili, kichwa kikiwa nusu ndani ya ukungu. Kila kimoja nilikitazama mpaka nikakimaliza, kama alivyosema.

Mchana nikamweka Baba mlangoni penye mwanga, nikampa cha kwanza. Hakuuliza hiki nini. Alisema, "Mvule." Nikampa cha pili. "Nani huyu mdogo hivi?"

"Mama Akuba."

"Mama Akuba, mdogo!" Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Basi mti huu una urefu wa kweli." Cha tatu, cha nne. Alipofika kwenye maji yanayoshuka akakipapasa kwa kidole. "Hapa kuna ugonjwa. Ona rangi. Miaka kumi, si zaidi." Nilifurahi mno. Tangu mama afe sijamfurahisha mtu namna hii.

Mwisho akabaki na kile cha saba mkononi. "Mvule wa mwisho nilioupaka rangi ulikuwa namba 4,112," akasema. "Sikuutazama kichwa. Sikuwa na haja ya kichwa, kiwanda hakinunui kichwa." Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

9 Juni, Jumapili

Tanoh hakuja.

13 Juni

Tundu linafunga. Nampa kipande, anaona nusu yake. Jana nilianza kusafisha picha ndogo zaidi. Anauliza kila siku, "Tanoh amesemaje?" Mimi kila siku nasema wiki ijayo.

16 Juni, Jumapili

Nimemfuata Tanoh mpaka barabarani. "Wiki ijayo zako zimefika sita, ndugu yangu. Macho ya Baba hayana wiki ijayo."

"Mti haukimbii, dada."

"Macho yanakimbia!"

Akaingia ndani ya koti lake la mvua, akaondoka. Nilipiga kelele barabara nzima ikasikia. Nimeona aibu, lakini si sana.

19 Juni

Nimemuuliza Mama Akuba kama anajua Mkuza wa Tisa. "Mwenzangu, mawe ya mipaka nayajua kuliko wajukuu zangu. Ungeniuliza siku ya kwanza." Tunaenda Jumamosi. Nimemwambia Baba. Hajalala kwa furaha.

22 Juni

Umekatwa.

Nimeandika hilo neno halafu nikaenda kuketi jikoni. Nimerudi sasa.

Tulifuata mkuza kuanzia jiwe la kwanza. Baba alikuwa ameniambia asubuhi, "Ukikaribia hutahitaji kuuliza. Utajikuta unasema kwa sauti ya chini." Nikawa nasubiri hilo. Badala yake tukafika mahali penye mwanga mwingi, majani mapya yamenifika magotini, na Mama Akuba akasimama ghafla.

Kisiki chake kina upana wa kulala mtu mzima na mikono kanyoosha. Mbao walizipasulia palepale. Maganda bado yamelala, yamevaa uyoga. Unga wa mbao umeshakuwa udongo. Si kazi ya mwaka huu, wala ya mwaka jana. Nikapanda juu ya kisiki, nikachutama kutazama katikati. Ni mzima mpaka kwenye kiini, hauna pango hata la kuingiza kidole. Baba alisema kweli kuhusu uongo wake.

Mama Akuba akavua kilemba. "Mwaka juzi nilisikia msumeno," akasema. "Siku tatu. Nikasema ni huko mbele, hainihusu."

Kamera ilikuwa shingoni. Sikuifungua.

Nyumbani Baba alikuwa kaketi mlangoni kwenye kiti cha picha, kanyoa ndevu. "Vipi?" akauliza. Nikasema mvua ilituwahi, hatukufika. Akasema, "Haidhuru, mama. Wiki ijayo."

23 Juni, Jumapili

Sikusubiri Tanoh aje, nimemwendea mimi. Alikuwa anakunja mkeka wa kuanikia kakao. Akaona matope ya viatu vyangu, akajua.

"Umefika," akasema.

"Nani alikata?"

"Mimi. Nilikodi watu."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yakanipotea yote. Nikasema tu, "Tanoh, kwa nini?"

"Mjomba alinipeleka yeye mwenyewe, na miguu yake. Akasema, mpwa wangu, huu ni wako, nimekuwekea. Ndivyo alivyosema, nimekuwekea." Akaketi juu ya mkeka. "Halafu akavunjika nyonga. Hospitali wakataka malipo kabla ya kisu. Nani alilipa, dada? Uliwahi kujiuliza?"

Sikuwahi. Nilidhani ni kakao.

"Kakao ya mwaka juzi!" akasema. "Ilioza yote, ulisahau? Na hizo dawa za macho zinatoka wapi?"

"Ungeniambia mimi."

"Ungefanya nini? Ungepiga picha?"

Nikamtukana, tusi ambalo sitaliandika hapa. Alikuwa analia, jitu zima, mkeka umejikunja chini yake. "Kila Jumapili nikija ananitafuta kwa lile tundu mpaka anipate," akasema. "Akinipata anatabasamu."

Nimerudi nyumbani nikitaka kumchukia. Mpaka jioni hii sijaweza vizuri.

25 Juni

Baba leo hakuona kijiko mpaka nilipokigonga kwenye sahani.

28 Juni

Nimefanya jambo. Sijui kama ni jema.

Mama Akuba ndiye aliyeanza. Alikuja studio, akafunga mlango, akasema, "Kuna mkangazi mwingine. Sijamwonesha mtu yeyote, hata binti zangu, maana hapo ndipo konokono wangu wanapozalia. Baba yako hakuwahi kufika, kuna kinamasi katikati."

Tumekwenda leo na ukungu. Ni mkangazi kweli, mrefu, hauna alama ya panga wala ya rangi. Nilipouona nilisema kitu kwa sauti ya chini, sikumbuki nini. Nikaanza kazi. Nililala kwenye mbavu za shina, zile zinazotoka kama kuta, nikapiga jinsi zinavyoshika ardhi. Nikasubiri maji yashuke kwenye gamba mpaka mwanga uyapate kwa ubavu, nikanyeshewa saa nzima. Nikapanda kilima kilicho nyuma, nikateleza, nikapanda tena, mpaka matawi ya kwanza yakawa mbele ya uso wangu. Nikasubiri kichwa chake kijitenge na ukungu. Kilijitenga dakika moja tu, na nilikuwa tayari. Vipande tisa.

Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga maishani.

"Utamwambia ndio ule?" Mama Akuba akaniuliza tukirudi.

"Nitamwambia ndio ule."

Tukatembea. "Basi mimi sikuwepo," akasema.

30 Juni, Jumapili

Nilimweka mlangoni saa nne, mwanga ulipokuwa mzuri. Nikampa mguu. Alichukua muda mrefu kuupata, kichwa kinahama kidogokidogo, mpaka ukaingia.

"Ndio wewe," akasema. Hakuwa anasema nami.

Nikampa cha pili, cha tatu. "Umenenepa," anauambia. "Umezeeka vizuri." Kwenye cha nne akatafuta kitu. Akatafuta tena. "Hapa nilikuwa nimeugonga panga, siku ya kwanza, kabla sijaghairi. Palikuwa na kovu." Nikainua kile cha tano. Kisha akasema, "Limepona. Mkangazi unapona haraka, ukiachwa." Akatabasamu kwa namna ambayo sitaisahau, hata nikitaka.

Kichwa cha mti alikaa nacho mpaka mwanga ukahama. "Basi, mama," akasema. "Asante. Sasa yakitaka kufunga, yafunge."



2 Julai

Halii, hahuzuniki. Anakaa na vipande vyake tisa kutwa nzima. Nikimwekea kitu kingine mbele ya macho anakisukuma. "Usiniharibie," anasema.

4 Julai

Baba kaamka akaniuliza kwa nini sijafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi.

5 Julai

Ya mwisho aliyoyaona baba yangu duniani ni uongo, na nimeupiga mimi.

7 Julai, Jumapili

Watu wa kanisa wamekuja kumpa pole. Anawapitishia picha. "Huu ndio ule niliokataa kuupaka rangi. Tazameni, mwanangu kaenda mpaka huko." Wazee wanashangaa, wanazisogeza kwenye mwanga. Tanoh alikuwepo. Zilipomfikia alizitazama moja moja, zote tisa, halafu akanitazama mimi.

Nilipomnawisha mikono akaniambia kwa sauti ndogo, "Asante, dada."

Mungu wangu. Ni afadhali angenipiga kofi. Sasa sisi wawili tuko upande mmoja, mimi na yeye, na Baba yuko peke yake upande wa pili.

10 Julai

Mvua inapungua. Picha za watoto wa shule, arobaini na mbili.

14 Julai, Jumapili

"Nimewaza," Baba kasema leo, vidole kwenye mchuzi. "Macho yamekwenda, mikono ninayo. Kama mti umesimama kwenye picha, umesimama msituni. Tanoh, nitafutie vijana wanne wenye mabega. Wanibebe kwenye kiti kama chifu. Nataka kuushika."

Tanoh akaacha kula.

"Mvua ikikatika kabisa, mjomba," akasema.

"Imeshakatika. Naisikia."

Nimekaa hapa na kalamu nikipiga hesabu za mwendawazimu. Naweza kumpeleka kwenye mkangazi wa Mama Akuba. Haoni. Atapapasa gamba, atalia kwa furaha, tutarudi. Lakini atajua, yule aliyetembea msitu huu miaka thelathini na moja. Hata kwenye kiti atajua kwamba wanavuka kinamasi ambacho Mkuza wa Tisa hauna. Na kumpeleka yeye ni kumpeleka Tanoh, na vijana wanne wenye mabega.

15 Julai

Nimemwambia. Asubuhi, nikimenya ndizi, maana mikono ikiwa na kazi mdomo unakuwa na nguvu.

"Baba, ule mkangazi haupo. Ulikatwa mwaka juzi. Nilioupiga ni mwingine."

Nilingoja anipigie kelele. Kuku walikuwa wanaparua, jirani anatwanga. Baba akaweka mkono juu ya zile picha pembeni yake, kama anazifunika zisisikie.

"Lile kovu," akasema.

"Ndiyo, Baba. Halikupona. Halikuwepo."

"Na mimi nikasema limepona." Akatikisa kichwa muda mrefu. "Mzee mjinga."

"Mimi ndiye mjinga, Baba. Nisamehe. Nilitaka uone kitu. Nilitaka kabla hayajafunga—" Nikalia na kisu mkononi.

Aliniacha nilie. Halafu akauliza, "Nani alikata?"

Nilimenya ndizi iliyokwisha kumenywa.

"Usijibu," akasema. "Nilimwambia mtu mmoja tu."

Nikamweleza habari ya nyonga, ya kakao iliyooza, ya dawa. Nilijikuta namtetea Tanoh, mimi! Baba akasikiliza, huku anaipapasa nyonga yake kama kitu alichoazimwa. "Kwa hiyo mti wangu nimeukalia," akasema. Akalia kidogo, bila sauti. Sijui alikuwa anamlilia nani.

Baadaye sana akaichukua picha moja, akaigeuza vidoleni. Aliishika kichwa chini, sikumrekebisha.

"Na huu basi? Ni mkangazi kweli?"

"Kweli, Baba. Mrefu kuliko mvule wa kijitoni. Hauna namba."

"Sikuwahi kuufikia?"

"Hukuwahi. Uko—"

Mkono wake ukaruka kuniziba mdomo. Ukakosa, ukanipiga puani, ukateremka mpaka ukaupata. Ulinuka ndizi.

"Usiniambie," akasema. "Kila mti niliojua ulipo umekatwa. Kila mmoja, Adwoba. Nikiujua huu nitamwambia Tanoh. Ni mpwa wangu, siwezi kufa bila kumwambia nilichonacho, ndivyo tulivyo. Uache uwe wako."

Akaendelea kuniziba mdomo, kana kwamba bado nasema.

21 Julai, Jumapili

Jua limewaka siku ya tatu. Tanoh kaja na ndizi na dawa ya matone, dawa ambayo haina kazi tena. Kasema vijana wanne kawapata.

"Waambie waende zao," Baba akasema. "Nyonga inauma. Nimeshauona, inatosha." Akapapasa kwenye bakuli lake mpaka akaipata nyama kubwa, akanyoosha mkono hewani akiutafuta mkono wa Tanoh. Tanoh akauleta wake chini yake, akaipokea. Wakala.

Nilimsindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo sijawahi kufanya. Alisimama, akageuzageuza kofia mikononi.

"Dada, mjomba sasa atahitaji mtu wa kukaa naye kutwa. Atahitaji vingi, na kakao unaijua." Hakuwa na ubaya usoni, hata kidogo. Alikuwa amechoka tu. "Ule wa kwenye picha, uko wapi?"

"Umekatwa," nikamwambia.

"Lini?"

"Sijui lini. Nilipita juzi, nikakuta kisiki."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Pole, dada," akasema. "Pole sana." Na nilimwona wazi kwamba ameumia.